Barafu Inayoliwa kwa Chini

Habari za kuyeyuka kwa barafu ya Antaktika husimuliwa karibu siku zote kwa njia moja: dunia imepata joto, joto limefika hadi ncha ya kusini, barafu inageuka maji. Maelezo hayo yanaeleweka upesi, na kwa baadhi ya maeneo ni ya kweli, lakini pale penye hatari kubwa kuliko pote hayatoshi. Katika pwani ya Bahari ya Amundsen, upande wa magharibi wa bara hilo, hewa huwa chini ya sifuri karibu mwaka mzima, na theluji inayoanguka juu ya barafu haiyeyuki bali hurundikana. Hata hivyo, huko ndiko barafu inakopungua kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Antaktika. Kinachoila hakitoki angani. Kiko mita mia kadhaa chini ya uso wa maji, gizani, nacho ni mkondo wa bahari. Ninachotetea hapa ni kwamba hatima ya barafu ile, na pamoja nayo kimo cha bahari zote za dunia kwa karne zijazo, inaamuliwa zaidi na mwendo wa maji kuliko na kipimajoto cha hewani, na kwamba anayeifuatilia habari hii kwa kutazama hewa peke yake atapotoka.

Kwanza tuelewane ni barafu ipi inayozungumzwa. Antaktika imefunikwa na theluji ya maelfu ya miaka iliyoshindiliana ikawa barafu yenye unene wa wastani wa kilomita 2 hivi. Barafu hiyo haikutulia. Kwa uzito wake inateremka polepole kuelekea pwani kwa mito ya barafu, na ikifika baharini haikatiki papo hapo: inaendelea kusogea juu ya maji huku ikiwa bado imeshikamana na ile ya nchi kavu, ikawa bapa pana linaloelea, lenye unene wa mamia ya mita. Hilo ndilo linaloitwa rafu ya barafu. Kubwa kuliko zote, Ross, inakaribia ukubwa wa Ufaransa. Hapa mwanafunzi makini wa fizikia atanyoosha mkono: kitu kinachoelea kimekwisha kusukuma maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo rafu ikiyeyuka yote bahari haipandi. Ni kweli, ukiacha tofauti ndogo isiyofaa kuzozaniwa. Lakini rafu haituhusu kwa maji yake. Inatuhusu kwa kile inachokizuia.

Rafu husuguana na kuta za ghuba inamopita, na hapa na pale tumbo lake hugota kwenye matuta ya sakafu ya bahari. Dau lililokwama juu ya fungu halisogei hata upepo uvume vipi. Maji yakijaa kidogo tu, linanyanyuka na kuchukuliwa. Rafu nayo ikikonda huachana na tuta, na barafu nzito iliyo nyuma yake inakosa cha kuizuia. Hili limeonekana kwa macho. Mapema mwaka 2002 rafu ya Larsen B, kwenye Rasi ya Antaktika, ilisambaratika kilomita za mraba zipatazo 3,250 katika wiki tano hivi, setilaiti zikipiga picha. Mito ya barafu iliyokuwa ikiishia ndani yake ikaongeza kasi mara mbili, mara tatu, na mmoja hadi mara nane. Jirani zake wawili, Flask na Leppard, ambao bado walikuwa wameegemea kipande cha rafu kilichobaki, hawakuongeza kasi. Ni nadra maumbile kumpa mtafiti jaribio safi namna hii, lenye kundi lililoguswa na kundi lisiloguswa. Lakini haki isemwe: Larsen B yenyewe haikuuawa na mkondo wa bahari. Rasi ile imechomoza kaskazini, kiangazi chake kina joto, na madimbwi yaliyotanda juu ya rafu yalizama katika nyufa yakaipasua. Kwa hiyo asemaye kwamba hewa nayo huvunja rafu hakosei. Ila Rasi ina sehemu ndogo tu ya barafu ya bara. Hazina kubwa ya magharibi iko kusini zaidi, ambako madimbwi hayo ni nadra, na huko mashtaka yanamwelekea mwingine.

Antaktika imezungukwa na mkondo ambao hauna mfano duniani. Kwa kuwa hakuna bara linaloukinga, unazunguka dunia nzima kutoka magharibi kwenda mashariki, ukipitisha zaidi ya mita za ujazo milioni 130 kwa sekunde, karibu mara mia moja ya mito yote ya dunia ikijumlishwa. Ndani yake, kuanzia kina cha mita mia kadhaa, mna tabaka la maji yaliyotoka bahari za mbali yakiwa na joto la takriban nyuzijoto 1 juu ya sifuri. Inaonekana ajabu kwamba maji yenye joto yakae chini na ya baridi yakae juu. Sababu ni chumvi. Maji ya juu yamechanganyika na theluji na barafu iliyoyeyuka, yana chumvi kidogo, ni mepesi. Ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, na hubaki huko pamoja na joto lake. Tena nyuzijoto 1 si kitu cha kudharauliwa. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzijoto 1.9 chini ya sifuri, na kadiri unavyozama ndivyo uzito wa maji unavyokishusha kiwango hicho, kwa kama robo tatu za nyuzijoto kila kilomita. Pale barafu inapoachana na ardhi na kuanza kuelea, katika kina cha kilomita moja hivi, maji ya nyuzijoto 1 yamezidi kiwango cha kuyeyusha kwa nyuzijoto tatu na nusu au zaidi. Barafu iliyogusana na maji hayo haina jinsi.

Swali ni yanafikaje pale, na jibu lake ni upepo pamoja na umbo la sakafu ya bahari. Upepo wa magharibi usiokatika husukuma maji ya juu, na kwa kuwa dunia inazunguka, katika nusu ya kusini maji hayo hukengeuka kushoto, yaani kaskazini, yakaondoka kuliacha bara. Nafasi yao hujazwa na maji ya chini yanayopanda. Pwani ya Amundsen ina bahati mbaya zaidi. Zamani za barafu kuu, mito ya barafu iliyofika mbali baharini ilichimba mifereji mirefu katika sakafu ya bahari, na mifereji hiyo ndiyo leo inayoongoza maji yenye joto hadi chini ya rafu. Mwaka 1994, watafiti waliokuwamo katika meli ya Marekani Nathaniel B. Palmer, akiwemo mtaalamu wa bahari Stan Jacobs, walishusha vipimo mbele ya mto wa barafu wa Pine Island na kuyakuta maji hayo yamekwisha kuingia. Waliporudi mwaka 2009, maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye rafu yalikuwa yameongezeka kwa karibu nusu nzima, ilhali joto la maji lilikuwa limepanda kidogo tu. Kilichobadilika zaidi ni mzunguko wenyewe. Maji yaliyoyeyuka, kwa wepesi wake, hupanda kufuata mteremko wa tumbo la rafu hadi nje, na yakitoka yanavuta mengine yenye joto kuingia kwa chini. Pango likipanuka, mzunguko unapata nafasi zaidi. Mwaka huohuo wa 2009 chombo kisicho na rubani, Autosub3, kilitumwa kupita chini ya rafu hiyo na kugundua tuta la chini ya bahari ambalo barafu ilikuwa imelikalia zamani, kisha ikaliacha.

Je, tunajuaje kwamba ni maji, wala si hewa inayofanya kazi kwa njia tusiyoiona? Ushahidi wa kwanza ni wa kulinganisha. Rafu tatu kubwa, Ross, Filchner na Ronne, ziko kusini mbali katika ghuba zilizojaa maji yaliyo karibu kabisa na kiwango cha kuganda, kwa sababu barafu ya bahari inayoundwa hapo kila majira ya baridi huacha maji mazito ya baridi yanayouziba mlango dhidi ya yale ya nyuzijoto 1. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba tatu hizo, zenye thuluthi mbili za eneo la rafu zote za Antaktika, hutoa asilimia 15 tu ya kuyeyuka kwa chini, ilhali rafu kumi ndogo za upande wa Amundsen na jirani zake, zenye asilimia 8 ya eneo, hutoa nusu. Hesabu hiyohiyo ilionyesha kwamba kwa bara zima rafu hupoteza barafu nyingi zaidi kwa kuyeyuka chini kuliko kwa kumeguka siwa barafu, vile vipande vikubwa vinavyopamba magazeti kila vinapoachana na pwani. Ushahidi wa pili unatoka ncha nyingine ya dunia, nao ndio unaonishawishi kuliko wowote. Jakobshavn, mto wa barafu wa Greenland, ulianza kukimbia mwaka 1997 maji yenye joto kutoka Atlantiki yalipoingia katika ghuba ya Disko, ukapoteza ulimi wake wote uliokuwa ukielea. Halafu, kuanzia mwaka 2016, maji ya ghuba hiyo yakapoa kwa mabadiliko ya mikondo. Hewa ya dunia haikupoa. Miaka ile ilikuwa miongoni mwa ile yenye joto kali kuliko yote iliyopata kupimwa. Lakini mto ule ukapunguza mwendo, na sehemu yake ya mbele ikanenepa. Aliyekuwa akitazama kipimajoto cha hewani asingeweza kulitabiri hilo. Aliyekuwa akipima maji aliliona linakuja.

Kinachoufanya upande wa Amundsen uogopwe zaidi ya Greenland ni umbo la ardhi iliyo chini ya barafu. Sehemu kubwa ya Antaktika Magharibi imekaa juu ya ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, na ardhi hiyo, badala ya kupanda kadiri unavyoingia bara, inashuka. Barafu ikirudi nyuma hatua moja inajikuta kwenye kina kirefu zaidi, ukuta wake unakuwa mnene zaidi, inamwaga zaidi, inarudi tena. Mwaka 1978 mtaalamu wa barafu John Mercer aliandika katika jarida la Nature kwamba gesi za makaa na mafuta zingeweza kuliporomosha eneo hili, na wengi walimwona mpiga kelele. Leo mto wa barafu wa Thwaites peke yake, wenye eneo linalokaribia nchi kavu ya Uganda ukiondoa maziwa yake, una barafu ya kutosha kuipandisha bahari ya dunia sentimita 65. Nao umekaa katikati: ukiondoka, majirani zake wanafunguka, na barafu ya Antaktika Magharibi iliyo hatarini kwa njia hii inaweza kuongeza takriban mita 3. Hayo ni mambo ya karne nyingi, si ya wiki ijayo, na mwandishi anayewatisha watu kwa filamu ya gharika anaiharibu hoja njema.

Wenye mashaka wana pingamizi za maana. Mwezi Januari 2020 watafiti walitoboa mita 600 za barafu ya Thwaites kwa maji ya moto na kushusha roboti mwembamba aitwaye Icefin hadi karibu na mahali barafu inapogusa ardhi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalishangaza: palipo bapa, barafu ilikuwa ikiyeyuka polepole kuliko kompyuta zilivyokadiria, kwa sababu tabaka jembamba la maji baridi yasiyo na chumvi nyingi lilikuwa limeikinga. Wapo walioipokea habari hiyo kama hukumu ya kuachiwa huru. Ukiisoma vizuri inasema kinyume. Roboti huyohuyo alikuta nyufa na ngazi katika tumbo la rafu ambamo kuyeyuka ni kwa kasi, na mstari wa kugusana na ardhi mahali hapo ulikuwa umerudi nyuma kama kilomita 14 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ikiwa umerudi kiasi hicho kwa kuyeyuka kidogo, basi barafu hii haihitaji kipigo kikubwa ili iondoke. Matokeo hayo yameturekebisha kuhusu kiasi cha joto linalotumika. Kuhusu udhaifu wa barafu yametuongezea wasiwasi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la historia. Udongo uliochotwa kutoka chini ya rafu ya Pine Island ulionyesha kwamba barafu ilianza kuachana na lile tuta lake katika miaka ya 1940, baada ya kipindi cha El Niño kali, wakati hewa ukaa ya viwanda ilikuwa bado kidogo kulinganisha na leo. Je, si dalili kwamba ni mzunguko wa kawaida wa maumbile? Kwa mwanzo wake, huenda ndiyo. Lakini El Niño ile ilipita ndani ya miaka michache, na barafu haikurudi kulikalia tuta. Kitu cha maumbile kinachoanza kwa sababu ya maumbile hutarajiwa kurejea sababu ile inapoondoka. Hiki hakikurejea, na tafiti za upepo wa eneo hilo zinaonyesha kwamba juu ya kupanda na kushuka kwake kwa miongo, kuna mwelekeo wa muda mrefu wa kuvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki unaolingana na ongezeko la gesi za viwanda. Maumbile yaliusukuma mlango. Sisi tunauzuia usifungike. Ama wale wanaotaja volkano zilizo chini ya barafu, zipo kweli, lakini joto la ardhini huyeyusha barafu kwa kiasi kinachopimwa kwa sentimita kwa mwaka, ilhali mkondo hula mita, tena makumi ya mita panapozidi.

Wengine husema Antaktika Mashariki inapata theluji zaidi, hivyo hesabu inajisawazisha. Haijisawazishi. Vipimo vya setilaiti vilivyojumlishwa na timu za kimataifa vinaonyesha kwamba kati ya 1992 na 2017 bara lote, theluji hiyo ikiwa imehesabiwa, lilipoteza tani zipatazo bilioni 2,720, na hasara ya magharibi kwa mwaka iliongezeka takriban mara tatu ndani ya kipindi hicho. Tani hizo zilipandisha bahari milimita 7.6 tu, na hapa ndipo watu hucheka: milimita saba, nani atazihisi? Lakini kinachopaswa kutazamwa si jumla iliyopita, ni mwendo wake, na mwendo huo unakwenda juu. Kazi ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba maji ya Bahari ya Amundsen yataendelea kupata joto karne hii hata nchi zikitimiza ahadi zao ngumu kuliko zote za kupunguza hewa ukaa. Sioni kama hiyo ni sababu ya kukata tamaa. Barafu nyingi zaidi ya dunia iko Antaktika Mashariki na katika ghuba ambazo maji yake bado ni baridi, na kama zitabaki hivyo ni jambo ambalo bado liko mikononi mwa wanaochoma makaa na mafuta.

Yote haya yanaifikia pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ambayo wengi hawaijui. Barafu nyingi kiasi kile ina mvutano wake, nayo huyakusanya maji ya bahari kuizunguka. Ikipungua, mvutano hulegea na maji yale huachiwa yaende mbali. Kwa hiyo barafu ya Antaktika Magharibi ikimiminika, bahari karibu na bara lenyewe hushuka, na mbali nalo, hasa pwani za Amerika Kaskazini na Bahari ya Hindi, hupanda kupita wastani wa dunia. Mtu wa Unguja au Mombasa anaweza kujibu kwamba yeye amezoea maji kupanda na kushuka mita tatu na nusu hadi nne wakati wa bamvua, nusu mita itamfanya nini? Itamfanya mengi, kwa sababu nyumba, visima, mikoko na mabonde ya mpunga vimejipanga kulingana na kilele cha bamvua, si kulingana na wastani wa maji. Nusu mita ikiongezwa juu ya kilele hicho, maji ya chumvi yatafika yasikopata kufika, na mabonde ya Pemba yamekwisha kuonja kidogo chake. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ilikadiria kupanda kwa bahari hadi mwaka 2100 kuwa kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi, kutegemea gesi zitakazotolewa, ikaongeza kwamba karibu mita 2 haziwezi kuondolewa katika hesabu, kwa sababu ya mashaka yaleyale ya mwenendo wa barafu. Basi mhandisi anayechora leo ukuta, gati au barabara ya pwani itakayotumika hadi mwisho wa karne, na ofisa anayetia sahihi kibali chake, wasichukue wastani. Wachukue kiwango cha juu, kisha wakijumlishe na bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka.